Faili 86 za sauti ya simu, mteja anataka kila moja peke yake. Nimekwama

BintiKihonda aliuliza:

Habari za jioni wadau wa sauti. Nipo Morogoro, Kihonda. Kazi hii ya kuuza koo nimeianza mwaka huu, kabla ya hapo nilikuwa MC wa harusi na vipaimara.

Nimepata dili langu la kwanza la maana: sauti ya mfumo wa simu wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Yale mambo ya "kwa huduma ya mikopo, bonyeza mbili". Matamko yako 86 kwenye jedwali la Excel, kila moja na jina lake upande wa kushoto.

Nikajifungia kabatini kama kawaida yangu (godoro nyuma, kanga nne mbele, maiki ya USB juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa), nikasoma yote kwa mkupuo mmoja. Dakika 41, makosa na vikohozi humo humo. Nikaigeuza MP3, nikamrushia mteja WhatsApp, nikala wali maharage nikalala nikijua nimemaliza.

Asubuhi nakuta ujumbe: WAV (sauti isiyobanwa kama MP3), 8 kHz (vipimo elfu nane vya sauti kwa sekunde), 16-bit (ukubwa wa kila kipimo), mono (chaneli moja), faili moja kwa kila tamko, majina kama yalivyo kwenye jedwali, mwisho Ijumaa. Leo Jumanne.

Nikaanza kukata kwa mkono kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti. Nachagua kipande, nakitoa, naandika jina, narudi. Saa mbili nzima, faili 19, na hapo umeme ukakatika. Audacity ilinirudishia mradi wangu umeme uliporudi, hilo nashukuru, lakini moyo ulikuwa umeshakufa.

Nauliza: kuna njia ya kuzikata zote kwa mpigo? Hiyo 8 kHz inabidi nirekodi upya? Na nitatumaje, maana bando limebaki MB 900 mpaka Jumapili, na rekodi yangu nikiitoa WAV ya 24-bit inafika MB 350 na ushee?

---

KooLaTanga alijibu:

Mdogo wangu, pole. Kabati langu mimi lina miaka sita na mpaka leo nikitoka humo nanukia dawa ya nondo.

Usirekodi upya. Na usije ukaichukua ile MP3 ukaigeuza WAV, hiyo ni sawa na kuusaga ugali ukitegemea kupata unga. Rudi kwenye mradi wako wa Audacity, ule wa 48 kHz. Huo ndio shamba lako. 8 kHz ni gunia tu la kupelekea sokoni, linajazwa siku ya mwisho.

Kwanza safisha. Futa makosa yote mpaka ubaki na matamko 86 yaliyofuatana kama kwenye jedwali, na kimya cha sekunde moja na nusu hivi kati ya moja na jingine. Hapa hakuna njia ya mkato, weka chai.

Halafu ingia menyu ya Analyze, chagua Label Sounds. Programu itapita yenyewe, kila inapokuta sauti baada ya kimya inaweka lebo chini yake. Hesabu lebo. Zikiwa 86, piga kigelegele. Zikiwa 91, kuna mahali umevuta pumzi ndefu katikati ya sentensi, nenda kaunganishe.

Sasa utamu wenyewe. Lebo hizo unaweza kuzitoa kama faili ya maandishi. Ifungue kwa Excel, utaona safu tatu: mwanzo wa kipande kwa sekunde, mwisho wake, na jina. Nakili majina 86 ya mteja kutoka kwenye jedwali lake, yabandike kwenye safu ya tatu, hifadhi kama maandishi yaliyotenganishwa kwa tabo, kisha futa lebo za zamani na uingize hizi. Ghafla kila kipande kina jina lake, na hujaandika hata herufi moja.

Mwisho, unapotoa sauti, chagua faili nyingi zinazogawanywa kwa lebo, zichukue jina la lebo. WAV, 16-bit PCM, mono, 8000. Matoleo mapya yanakuuliza kiwango hapo hapo. Kama lako ni la zamani, badilisha kwanza ile Project Rate (kiwango cha mradi) kule chini kushoto, na ukimaliza irudishe 48000. Nimewahi kusahau. Nilirekodi tangazo zima la redio likasikika kama naongea ndani ya mtungi.

Kuhusu bando tulia. WAV ya 8 kHz, 16-bit, mono inakula KB 16 kwa sekunde, yaani hata MB moja kwa dakika haifiki. Ukishafuta makosa, dakika 41 zako nakisia zitabaki 14. Hiyo ni kama MB 13 na nusu, weka kwenye ZIP moja, Gmail inabeba mpaka MB 25. Hata ukituma WhatsApp, tuma hiyo ZIP kama hati, isiguswe njiani.

Jambo la mwisho, limenigharimu. Audacity kabla ya toleo la 3 lililotoka 2021 ilikuwa inahifadhi mradi kwa vipande viwili: faili ndogo ya .aup, na folda pembeni yenye sauti yenyewe. Mimi nilinakili ile ndogo kwenye flashi, nikapanda basi Tanga mpaka Moshi kumpelekea mtayarishaji, nikifikiri nimebeba saa nne za simulizi. Pale studio programu ikafunguka, ikauliza kwa adabu kabisa kama iweke kimya mahali pa sauti isiyoonekana. Watu watano walikuwa wamenizunguka. Siku hizi mradi ni faili moja ya .aup3, lakini tangu siku ile sitoki nyumbani bila kufungua nakala yangu kwenye kompyuta nyingine nikaisikiliza.

---

MieWaKisauni alijibu:

Hujambo dadangu. Mie nasoma vitabu vya kusikiliza, Mombasa huku. Kakangu wa Tanga kasema kweli ila hapo pa Label Sounds mie sikubaliani naye sana. Kwa kazi ya simu itakufaa, kwa sababu matamko ni mafupi. Ukija kufanya simulizi itakukatakata kila penye koma mpaka ulie. Mie naweka lebo kwa mkono nikiwa narekodi, Ctrl na M, chap, naendelea.

Na makosa usiyasake kwa masikio, yasake kwa macho. Ukikosea, piga kofi moja mbele ya maiki, kisha rudia sentensi tangu mwanzo. Baadaye kwenye lile wimbi utaona mlingoti mwembamba umesimama peke yake. Kila mlingoti ni kosa. Dakika 41 utazisafisha kwa robo ya muda.

Kuna hiki kifaa cha kupunguza kelele, nakusihi uende nacho polepole. Wageni wa kazi hii wote hukivuta mpaka mwisho, wakasikika kama wako chini ya maji. Rekodi sekunde tano za kabati tupu, wewe umo ndani umenyamaza, uipe programu iwe mfano wa kelele, halafu punguza kidogo tu. Boda akipita, ngoja apite. Mie jirani yangu ana jenereta ya kazi stima ikipotea, kwa hivyo stima ikipotea mtaani nami kazi yangu imelala hata kama kompyuta ina chaji.

Majina ya faili: usiache nafasi, usitie mkwaju (/), usiandike "mwisho_mwisho2". Mie nilimpelekea mteja sura ya saba ya zamani, yenye mbwa, kwa sababu folda ilikuwa na "sura7_mwisho" na "sura7_mwisho_kweli". Sasa naandika v1, v2, v3. Ya juu ndiyo mpya, hakuna mjadala.

---

UpandeWaPili alijibu:

Mimi si msomaji, mimi ndiye fundi anayepokea hizo faili na kuziingiza kwenye mitambo ya simu, Nairobi. Naomba niseme mambo ambayo wateja wenu huwa hawawaelezi.

8 kHz si ubahili. Simu ya kawaida ndivyo ilivyo. Kwa kiwango hicho kila kilicho juu ya masafa ya 4 kHz kinapotea, na nguvu kubwa ya herufi "s" iko huko juu. Ndiyo maana "sita" na "tisa" zinachanganywa sana kwenye simu: sauti ni zile zile, mpangilio tu ndio tofauti, na "s" imeshanyofolewa meno. Zitamke taratibu, ile silabi ya kwanza iwe nzito. Ukishatoa faili, zisikilize kwa spika ya simu, si kwa hedifoni.

Herufi kubwa na ndogo ni muhimu. Mitambo mingi inaendeshwa na mfumo wa Linux, na kwake "Salio.wav" na "salio.wav" ni watu wawili wasiojuana. Jedwali likisema salio, iwe salio.

Kimya cha mwanzo na mwisho kata karibu kabisa, hasa kwenye namba. Mashine inaunganisha vipande: elfu, kumi na mbili, mia tano. Kila kipande kikiwa na nusu sekunde ya kimya, mteja anasomewa salio kama mtu anayehesabu hela za kukopesha.

Hapo hapo kwenye namba, dada, angalia jedwali lako kabla hujakata chochote. Majedwali haya karibu yote yametafsiriwa na mtu aliyefikiria namba kama za Kiingereza: "mbili" imerekodiwa mara moja, itumike kila mahali. Sasa mfumo ukitaka kusema idadi ya wadhamini utasema "una wadhamini mbili". Mwenye mkopo akisikia hivyo anajua kabisa anaongea na mashine isiyo na mama. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinabadilika kufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Muulize mteja namba zitahesabu nini: siku, watu, vikundi, ujumbe? Ukiuliza sasa ni swali. Ukiuliza baada ya Ijumaa ni kazi ya bure.

---

BintiKihonda alijibu:

Jamani. Nimelifungua jedwali tena. Wadhamini wamo. Vikundi vimo. "Mbili" ni moja tu, mstari wa 61.

Nimemwandikia mteja. Kanijibu niongeze ninachoona kinafaa, na akaomba pia nimpe ile rekodi nzima ya dakika 41 "kwa kumbukumbu". Nimpe tu?

---

KooLaTanga alijibu:

Usimpe kabla hujamuuliza ni ya nini. Alilipia matamko 86. Dakika 41 za sauti safi ya mtu mmoja, za 48 kHz, siku hizi ni malighafi tosha ya kufundishia mashine ikaongea kama wewe. Sisemi mteja wako ana nia hiyo. Mwandikie kistaarabu sentensi moja: sauti hii ni kwa ajili ya mfumo wa simu wa chama tu, haitatumika kutengeneza sauti bandia. Akikubali kwa maandishi, mkapatana bei, mpe. Wengi ukiwauliza hivyo wanasema basi, haina haja.

Na yale ya kuongeza andika bei yake pembeni kabla hujaingia kabatini. Ukishatoka na jasho hutakuwa na nguvu ya kudai.

Rekodi yako mwenyewe itoe FLAC badala ya WAV, inapungua karibu nusu na haipotezi kitu, uipandishe Google Drive bando jipya likiingia. Nakala nyingine kwenye diski ya nje. Si flashi! Flashi ni ya kupelekea.

---

BintiKihonda alijibu:

Mrejesho, Ijumaa usiku.

Lebo zilitoka 88 kwa mara ya kwanza, mbili nikaunganisha. Kazi ya kubandika majina kutoka Excel ilichukua dakika sita, nimehesabu, nikakumbuka saa zangu mbili za Jumanne nikacheka peke yangu. Nimeongeza matamko tisa: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, wanane, na kwa ajili ya vikundi nimeweka viwili, vitatu na vinne, hawajawahi kuvuka hapo. "Tisa" nimeirudia mara kumi na moja mpaka mdogo wangu aliyekuwa chumba cha pili na simu sikioni akaacha kuniambia "sita".

Faili 95, ZIP ya MB 12, imekwenda kwa barua pepe na bando limebaki. Rekodi nzima hawaitaki tena baada ya ile sentensi. Malipo ya nyongeza wamekubali nusu, nimechukua.

Leo mchana wamenipa namba ya majaribio nipige. Nimejisikia nikisema "una wadhamini wawili", bila kigugumizi. Ila tamko la 43, mwisho kabisa, jogoo wa jirani anasikika kwa mbali. Hiyo 8 kHz imenyofoa s zangu zote, yeye amepita salama. Hawajamgundua, na mimi sijasema kitu.