Kutoka Ubuntu kwenda Windows na Mac: RDP, VNC au RustDesk?

Muulizaji: Ndugu wanajamvi, nyumbani nina kompyuta ya mkononi yenye Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux), na ofisini kuna Windows 11 Pro inayotunza hesabu pamoja na Mac ya kazi za picha. Ningependa kuzitumia zote mbili nikiwa nyumbani, kwa intaneti ya simu. Nichague njia ipi?

Mwanajamvi wa kwanza: Kwa Windows, chagua RDP, njia ya Microsoft ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali. Bahati yako ni kwamba toleo lako ni Pro, kwa sababu toleo la Home haliwezi kufunguliwa kwa RDP kutoka nje. Programu ya Remmina ndani ya Ubuntu, inayounganisha kwa RDP, inatosha kabisa. Mac, kwa upande wake, hutumia VNC, njia nyingine ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali, ambayo hutuma skrini kama vipande vya picha, na kwa mtandao wa simu utaona kipanya kikijikokota.

Mwanajamvi wa pili: Nakubali, ila usithubutu kufungua poti 3389, mlango wa mtandao unaotumiwa na RDP, kwenye ruta. Mimi niliwahi kuifungua usiku mmoja tu, na asubuhi nikakuta kumbukumbu za Windows zimejaa majaribio ya watu wasiojulikana waliokuwa wakibahatisha nywila. Mwaka 2019 kasoro ya BlueKeep iliruhusu matoleo ya zamani ya Windows kuvamiwa kupitia RDP hata bila nywila. Tanguliza WireGuard, yaani VPN inayofunga mawasiliano yako kwa usimbaji, kisha upitishe RDP na VNC ndani yake.

Muulizaji: Ruta ni ya mwenye jengo, nami siruhusiwi kuigusa. Tena, mhasibu huwa kwenye ile Windows hadi jioni.

Mwanajamvi wa tatu: Hapo mambo yanabadilika. Ukiingia kwa RDP katika Windows 11, skrini ya aliyeketi pale hufungwa, kwa hiyo mhasibu atatolewa katikati ya kazi yake. RustDesk, programu ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali, huwaonyesha nyote skrini ileile, na kwa kuwa kila kompyuta ndiyo inayoanzisha mawasiliano kwenda kwenye seva, huhitaji kufungua poti yoyote. Kwenye Mac, toa ruhusa ya kurekodi skrini na ile ya kudhibiti kompyuta ukiwa bado ofisini, kwani ukisahau ya pili utaona kila kitu bila kuweza kubofya chochote.

Muulizaji: Nimeelewa. Kesho nitaisakinisha RustDesk kwenye zote mbili kabla mhasibu hajafika.