Hivi Mungu anasubiri nini kumhukumu mtu aliyetudhulumu?

Mtafuta_Haki:
Bwana asifiwe wapendwa. Nina swali linanisumbua mwaka wa nne huu. Mama alipofariki kuna ndugu wa karibu tulimwamini asimamie mirathi, akauza nyumba kimya kimya, sisi tumekuja kujua siku mnunuzi anabadilisha kitasa cha mlango. Huyo mtu mpaka leo yupo kanisani, afya anayo, mambo yake yananyooka tu. Nikisema naambiwa mwachie Mungu, Mungu ni mvumilivu. Sawa nimemwachia, ila Mhubiri 8:11 inasema kabisa kwamba kwa sababu hukumu ya tendo baya haitekelezwi upesi, mioyo ya watu inazidi kukazana kwenye uovu, yaani Biblia yenyewe inakiri kuchelewa kunawapa watu kiburi, sasa kwa nini achelewe? Naomba jibu la Maandiko, siyo la kunituliza.

mjoli_wa_shamba:
Pole sana ndugu yangu, hicho kitasa kimeniuma hata mimi.
Soma Yona sura ya 4 taratibu. Jamaa kahubiri kwamba baada ya siku 40 mji wa Ninawi utaangamizwa, watu wametubu, Mungu kaghairi, Yona akakasirika mpaka akaomba afe. Na anasema wazi kilichomfanya tangu mwanzo akimbie asiende huko, nilijua wewe u Mungu mwenye neema, si mwepesi wa hasira. Kwa Kiebrania hayo maneno neno kwa neno ni kama "mrefu wa pua", maana hasira kwao ilikuwa puani, mtu anavyohema kwa moto. Afu akatoka akajijengea kibanda upande wa mashariki ya mji akae aone mji utakuwaje. Mi hapo ndo huwa nakwama, mtu yule yule ambaye sura ya 2 alikuwa analia ndani ya samaki aokolewe, sasa kakaa kivulini anasubiri wengine waungue!
Lakini usiishie Yona. Nenda Nahumu, mji ni ule ule, zaidi ya miaka 100 imepita, wamerudia ukatili wao, na 1:3 inaanza vile vile kwamba BWANA si mwepesi wa hasira, ila inaongeza kwamba mwenye hatia hatamhesabia kuwa hana hatia. Ninawi ikaanguka mwaka 612 KK. Kwa hiyo kuvumiliwa siyo kuachiwa. Ule mtini usiozaa, kwenye mfano wa Yesu wa Luka 13, uliongezewa mwaka mmoja, na huo mwaka mtunza shamba hakukaa tu, alisema ataupalilia na kuutilia samadi, usipozaa ndo ukatwe. Yaani muda wenyewe una kazi ndani yake na una mwisho.

Mtafuta_Haki:
Nimekuelewa. Ila niseme ukweli, sitaki atubu. Nataka alipe.

binti_asafu:
Kaka hilo ulilosema mwisho mwambie Mungu hivyo hivyo, Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo. Na mimi naomba nitofautiane kidogo na waliokuambia "mwachie Mungu" wakimaanisha nyamaza. Ufunuo 6 wale waliochinjwa kwa ajili ya neno la Mungu wako chini ya madhabahu, mbinguni kabisa, na bado wanalia kwa sauti kuu "Hata lini"! Hawakukemewa. Kila mmoja akapewa vazi jeupe wakaambiwa wastarehe muda mchache. Kama wao wanaruhusiwa kuuliza, wewe nani akuzuie?
Tena kudai haki yako siyo kukosa imani. Paulo mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari, Matendo 25. Watu watakutolea 1 Wakorintho 6 kwamba ndugu wasishtakiane, lakini msome wote, Paulo pale analiaibisha kanisa, anauliza hivi hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kwenu awezaye kuamua? Kwa hiyo wazee wako waite huyo mtu, wakae, waone hati. Na kutubu kwenyewe siyo machozi, Zakayo yule mtoza ushuru alisema kama nimemnyang'anya mtu namrudishia mara nne. Akitubu kweli, ya kwanza utaiona kwenye hiyo nyumba.

mjoli_wa_shamba:
Dada hapo kwa Zakayo umenipita mbali. Mi nilikuwa nawaza kutubu na kulipa ni vitu viwili.

Mtafuta_Haki:
Asanteni. Nimesoma Yona 4 kwa sauti mara mbili. Kumbe kitabu kinaishia na swali, Mungu anamuuliza kuhusu mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi, afu basi, Yona hajibu. Mimi pia leo sijui nitajibu nini. Wazee nimewaandikia, tunakaa Jumapili baada ya ibada, nakala ya hati ninayo.