Kesi za hataza bila digrii ya sayansi, inawezekana?

Mtakasheria
Habari wakuu. Nakaribia kumaliza sheria na kitu kilichonikamata ni miliki bunifu, hasa kesi za hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), ila kila ninayemuuliza ananiambia kama huna uinjinia au kemia sahau. Ni kweli? Na kazi yenyewe ya kila siku ikoje, maana kwenye muvi naona wakili anabana mashahidi tu

wakili_mtulivu
Mkuu wamekuchanganyia watu wawili. Kuna anayeandika maombi ya hataza na kuna anayepigana kesi. Wa kuandika ndiyo, Marekani kwa mfano lazima upite mtihani wa ofisi yao ya hataza, na hata kuruhusiwa kuufanya mpaka uonyeshe una msingi wa sayansi au uinjinia. Ila kusimama mahakamani hukohuko kwenye kesi ya hataza, uwakili wa kawaida unatosha.

Kuhusu kazi, ni kusoma kaka, kusoma mpaka macho yaume. Hataza mwishoni ina madai, yaani sentensi zinazosema hasa nini kinalindwa, yale ndiyo mipaka ya shamba, na vita yote iko hapo. Dai likisema mashine ina mota, kisu na springi, halafu ya mdaiwa haina springi wala kitu kinachofanya kazi hiyo, basi mdai ana hali ngumu hata mashine zingefanana vipi. Sasa subiri mawakili waanze kubishana springi ni nini, mnaweza kumaliza wiki.

BintiKemia
Mi nimetokea kemia, inasaidia usiburuzwe na shahidi mtaalamu basi, mengine unajifunza kesini. Raha yangu iko upande wa utetezi, kuiua hataza yenyewe 😂 unasaka chochote kilichochapishwa kabla ya tarehe ya maombi kuonyesha uvumbuzi haukuwa mpya, tasnifu iliyolala maktaba, kipeperushi cha maonyesho. Ulaya hata mvumbuzi mwenyewe akikitoa kitu chake hadharani kabla hajapeleka maombi kwa kawaida kajimaliza, Marekani angalau wanampa mwaka mmoja. Ujerumani ndo usiseme, mahakama inayoamua kama umeivunja hataza siyo inayoamua kama hataza ni halali, kwa hiyo mnaweza kuwa na kesi mbili kwa mpigo

mzee_wa_faili
Hawajakwambia kuhusu muda. Polaroid walimshtaki Kodak 1976, hukumu ya nani kavunja hataza ikatoka 1985, 1986 Kodak akaachana na kamera za picha za papo hapo, na suala la fidia likaja kuisha 1991. Zinazokwenda haraka zipo, ila kama unapenda kushinda Ijumaa na kusherehekea Jumamosi nenda kwingine.

Mtakasheria
Asanteni sana. Kwa hiyo nianzie alama za biashara na hakimiliki kwanza?

wakili_mtulivu
Anzia huko, kesi ni nyingi na sayansi hakuna. Ila ofisini faili la hataza likiingia omba uwekwe, hata kama ni kupanga vielelezo tu, na usome madai kabla ya kitu kingine chochote.