Display ya kina kwenye milingi ndogo inadanganya, nianzie wapi?

kisagachuma
Wakuu habari zenu. Nina mashine ndogo ya milingi (ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka) ya mezani, ile ambayo kichwa kinapanda na kushuka kwenye nguzo na ina kidisplay cha kidijitali cha kusoma kina. Sasa shida ni hii, nikiweka ziro juu ya kazi nikashuka hadi display isome 8.00 nikachimba, nikija kupima na vernia napata 8.15, mara nyingine 8.20, na kuna siku inatoka sawa kabisa bila mimi kubadilisha kitu. Nikipandisha kichwa kisha nikirudi kwenye ziro ileile endimili (kile kisu) haigusi pale ilipogusa mwanzo. Betri nimeweka mpya. Swali langu, ninunue display nyingine au kuna sehemu ya kuadjasti? Natengeneza vipande vya injini ndogo ya mvuke kwa hiyo 0.2 mm kwangu ni kubwa sana.

Fundi_Kerezo
Mkuu usinunue kitu bado. Kosa lina tabia yake na hiyo tabia ndo inakwambia ugonjwa uko wapi. Chukua geji ya mshale (saa ya kupimia mwendo mdogo), ifunge kwenye spindeli (shafti inayoshika endimili), mguu wake uguse meza, zima mota. Shuka milimita moja moja kwa kutumia fine feed (mkono wa kushusha taratibu), kila hatua andika geji inasema nini na display inasema nini, ukifika kama 8 hivi anza kupanda nayo andika vilevile. Kosa likiwa linakua kadiri unavyoshuka, yaani kwa 2 mm kidogo kwa 8 mm mara nne yake, hapo skeli (kipimo kinachoipa display namba) imekaa upande au inahesabu vibaya. Likiwa linatokea pale tu unapogeuza mwelekeo, kuna kitu kinacheza. Likiwa linaruka ruka bila mpangilio, tafuta umeme au uchafu.

Na kabla mtu hajakwambia skeli imepinda, piga hesabu. Skeli ikipinda digrii 1 nzima kosa lake ni 0.015 mm tu kwenye 100 mm. Wewe unapoteza 0.15 kwenye 8 mm, kwa hiyo ingebidi iwe imelala kiasi cha kuonekana kwa macho.

waya_tatu
Naongezea upande wa umeme maana hizi skeli za kapasita zina wivu sana na kelele za mota. Rudia kipimo cha Fundi mota ikiwa imezimwa, halafu toa geji kwenye spindeli, simama sehemu moja usiguse chochote, washa mota, panda spidi taratibu uangalie namba. Zikitetemeka au zikiruka basi ni kontrola ya spidi inachafua, hakikisha mwili wa mashine na skeli vina athi nzuri, na kama display inakula umeme wa adapta badala ya betri weka kapasita ya 0.1 µF kwenye plus na minus karibu kabisa na display. Betri nayo, kama ni ya kifungo weka SR44 badala ya LR44, saizi ni ileile ila SR44 inashikilia volti zake karibu mpaka mwisho, LR44 inashuka polepole na display inaanza vituko kabla hata haijazima.

kisagachuma
Asanteni sana, nimepima. Mota ikiwaka namba hazitikisiki hata kidogo, kwa hiyo umeme nautoa. Kushuka geji na display vinaenda pamoja, tofauti haizidi 0.02. Kupanda ndo balaa, nageuza mkono display inahesabu hadi 0.16 ndipo mshale wa geji unaanza kusogea. Na kitu kingine, nikikaza mkono wa kufunga kichwa, geji inaruka lakini display imetulia tuli kama hakuna kilichotokea.

Fundi_Kerezo
Hilo la mwisho ndo jibu lako. Kichwa kimesogea, display haijui. Maana yake haipimi kichwa, inapima kitu kingine. Fungua kifuniko cha fine feed uangalie sensa imekaa wapi, nahisi inahesabu mizunguko ya shafti. Kama ndivyo basi kila kilichopo baada ya shafti, gia, pinioni (gia ndogo), meno ya reki (fito yenye meno inayopandisha kichwa), vyote vikicheza display haioni.

mama_chuma
Naunga mkono, na hii inaeleza pia kwa nini shimo linatoka refu na haliko fupi. Kama reli za kichwa zimekazwa sana, kichwa hakishuki chenyewe kwa uzito, pinioni inakisukuma. Ile nafasi ya kucheza kati ya meno inabaki upande wa chini. Sasa endimili ikianza kula, mtetemo unaanza, na zile kingo zake za kujisokota zinavuta kuelekea kwenye kazi, kichwa kinadondoka kiasi cha hiyo nafasi. Siku reli zikiwa na mafuta ya kutosha kinashuka chenyewe, na ndo hizo siku zako za kutoka sawa.

Ila kaka cheki na koleti (kinachobana endimili) kwanza, endimili inaweza kuteremka yenyewe ikiwa inakata na ukalaumu display bure. Piga mstari wa kalamu ya wino pale inapoingilia, kata, angalia kama mstari umeshuka.

kisagachuma
Mstari haujasogea. Nimefungua, sensa kweli iko kwenye shafti, kuna kidisiki kidogo kinazunguka nayo. Kwa hiyo nafunga skeli ya kupima kichwa chenyewe? Niiweke wapi?

mama_chuma
Ndiyo. Skeli kwenye nguzo, kichwa cha kusomea kwenye kichwa cha mashine, na iwe karibu na spindeli kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa sababu kichwa kikiinama kidogo kikiwa kinashuka, skeli iliyo mbali inasoma safari tofauti na ya endimili. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alishaliandika hili tangu 1890 na bado watu wanafunga skeli nyuma ya nguzo kwa sababu ndo kuna nafasi. Braketi iwe nene, usitumie kibati, ukiisukuma kwa kidole namba zisibadilike. Weka kifuniko, chembe za chuma na mafuta vikiingia kwenye hizo skeli unarudi mwanzo.

Kwa sasa ukitaka kuendelea na kazi: legeza reli kidogo tu kichwa kiweze kushuka kwa uzito wake, kila mara fikia kipimo ukiwa unashuka, ukipitiliza panda juu zaidi ya nafasi ya meno urudi tena chini. Funga kichwa ndo uweke ziro, na ukate kichwa kikiwa kimefungwa. Acha kama 0.3 mm, pima na vernia, malizia kwa geji.

kisagachuma
Mrejesho wakuu. Skeli nimefunga ubavuni mwa kichwa kwa braketi ya alumini nene. Kugeuza mwelekeo geji na display sasa vinaanza kusogea pamoja. Nikikaza mkono wa kufunga kichwa bado kinasogea 0.04 lakini display inanionyesha, kwa hiyo naweka ziro baada ya kufunga. Mfuko (shimo) wa 8.00 nimechimba umetoka 8.01 kwa vernia. Ile display ya zamani nimeiacha, naitumia kwenye kutoboa tu.