Kadi ndogo, monita ya 144Hz: nishushe grafiki, nifunge 60 au nihangaike na FreeSync?

Mchezaji_Arua
Salamu wakuu. Nina Dell ya ofisi, zile za mtumba: i5, ramu GB 8, nimechomeka kadi ya picha, GTX 1050 Ti ya GB 4. Juzi nimepata monita ya 144Hz (inabadili picha mara 144 kwa sekunde) iliyotumika, boksi limeandikwa FreeSync. Windows nimeshaiweka 144. Counter-Strike 2 (CS2) inanipa fremu 80 hadi 130 kwa sekunde, ila nikigeuka haraka picha inapasuka katikati. GTA V inapanda na kushuka, 50 mpaka 70, na mjini inasuasua. Naona njia tatu: kushusha kila kitu nifukuzie 144, kurudisha monita 60 na kuwasha V-Sync, ile ya kadi kuisubiri monita, au hiyo FreeSync, ya monita kuifuata kadi, ambayo kwenye menyu ya Nvidia siioni kabisa. Kununua kadi kubwa msiniambie, pawasaplai ya hii Dell haina hata waya wa kuilisha.

Kobe_Ntinda
Shusha vyote, ssebo. CS2 si picha ya kutundika sebuleni. Kitu kimoja tu usizime: vivuli vya wachezaji, maana kivuli cha adui hufika kwenye kona kabla yake. V-Sync kwenye gemu ya risasi ni kujifunga pingu, kidole kimeshafyatua na picha bado inangoja zamu yake.

Dada_wa_Jinja
Kobe kaka, umejibu CS2 peke yake. GTA V kwenye kadi hiyo haifiki 144 hata uichezee gizani. Na hata ingefika 100 ikirudi 60 kila ukikata kona, ungeona inakwama vilevile. Kwa 60 kila fremu ina milisekunde 16.7, zikija kwa mpangilio huo huo, jicho linatulia. Linalokera ni moja kuja kwa 14 na inayofuata kwa 25.

Kwa hiyo mimi ningeanzia hapa. Nyasi ziweke Normal, ukitoka mjini ndizo zinazokula kadi kuliko kitu kingine. MSAA, ile ya kulainisha kingo za picha, zima, tumia FXAA iliyo nyepesi. Tekscha, zile picha zinazovalishwa vitu, usiziogope: zinahitaji kumbukumbu ya kadi zaidi kuliko nguvu yake, kwa hiyo acha High mradi ule mstari wa kumbukumbu juu ya menyu haujavuka kikomo. Halafu funga fremu zisizidi 60. Faida nyingine ni umeme. Ukikatika ukabaki kwenye inveta, kadi iliyofungwa fremu inakula wati chache na betri inakuvusha mechi.

Fundi_Wandegeya
Dada yuko sawa kuhusu mpangilio, lakini kuirudisha monita ya 144Hz kwenye 60 ni kama kununua boda ukaisukuma kwa miguu. Tena V-Sync ya kawaida ina tabia mbaya: kwenye monita ya 60Hz, kadi ikichelewa kidogo tu unaweza kuangukia 30.

Mchezaji, FreeSync huioni kwa sababu, nadhani, umetumia HDMI. Nvidia walifungua mlango kwa monita za FreeSync Januari 2019, kuanzia kadi za GTX 10, yako ikiwemo. Ila kwa kizazi hicho inapita kwenye DisplayPort tu. Badili kebo, washa FreeSync kwenye menyu ya monita yenyewe, kisha ndipo uiwashe Nvidia Control Panel, kwenye ukurasa wa G-SYNC, jina la Nvidia kwa kitu kilekile. Hapo monita ndiyo inayoisubiri kadi, kwa hiyo picha haipasuki na hubebi ucheleweshaji wa V-Sync. Monita nyingi za 144 zinafanya hivyo kuanzia 48Hz, na kadi ikishuka chini ya hapo kila fremu inaonyeshwa mara mbili. Wenye za 75Hz zinazoanzia 48 hawana bahati hiyo, nafasi ya kuzidisha haipo, 48 mara mbili inapita 75.

CS2 ifunge kama 100, GTA 60. Overdrive ya monita, ile ya kuharakisha pikseli kubadilika, iweke katikati. Ya juu kabisa inaacha mkia mweupe nyuma ya kila kinachokimbia.

Hiyo ramu GB 8 ni kijiti kimoja au viwili? Kama ni kimoja, ongeza cha pili kabla hujaisema kadi. Na fungua boksi upulize vumbi. Dell za ofisi zinazoletwa hapa kwangu, feni nyingi zimevaa blanketi.

Kobe_Ntinda
Kufunga 100 kwenye CS2 bado sikubali. Mimi ningeiacha mpaka 141, chini kidogo ya kikomo cha monita. Kwa GTA sina ubishi.

Fundi_Wandegeya
141 kwa kadi inayoizidi. Yake inapumulia 80 kwenye moshi wa mabomu, atakuwa anarushwa juu chini raundi nzima.

Mchezaji_Arua
Ni HDMI kweli, na ramu ni kijiti kimoja. Huku Arua nimeonyeshwa kigeuzi cha HDMI kwenda DisplayPort, kinafaa?

Fundi_Wandegeya
Hapana. Nunua kebo kamili, DisplayPort pande zote mbili. Ukikosa, mtu wa Kampala akuwekee kwenye basi la usiku. Kabla hujalipa, tazama nyuma ya hiyo kadi yako: tundu la DisplayPort lina kona moja iliyokatwa, la HDMI limebonyea kona mbili za chini.

Dada_wa_Jinja
Na ukiifunga utuletee namba za GTA, za mjini na za nje kwenye nyasi, nataka kuona kama zilizokuponza ni nyasi peke yake au ni ramu.