Tupeane uzoefu: tuliokua na Bonanza, mtu wako alikuwa nani?

KijanaWaZamani: Jamani leo ndani ya matatu simu ya kondakta imelia ule mlio wa Bonanza, ile tamthilia ya TV ya makauboi wa Marekani, yale magitaa yanayokimbia, mwili wote ukanisisimka. Vijana wa siku hizi hawajui. Hawajui ile ramani inashika moto katikati halafu hao wanatokea na farasi, mzee Ben na wanawe Adam, Hoss na Little Joe. Sisi tulikuwa tunaangalia kwa jirani, TV ya nyeusi na nyeupe, mnavua viatu mlangoni, mnakaa chini sakafuni, watoto wa mwenye nyumba ndio wenye viti, na ukipiga kelele unatolewa nje. Enzi za VoK hizo, televisheni ya taifa ya Kenya, kabla haijaitwa KBC. Sasa semeni, mlikuwa mnaangalia wapi, mtu wako alikuwa nani, na ni kitu gani hakijawahi kukutoka kichwani? Mimi Hoss. Kwa hilo sibishani na mtu.

Nyambura_K: Hoss pia. Mtu mkubwa vile na akiona mtoto analia anaishiwa nguvu.

PwaniKwetu: Nyie na nyeusi na nyeupe yenu, sie Unguja TV ya rangi tunayo tangu 1974, Bara wamekuja kupata vituo vyao 1994 huko. Bonanza mimi niliipatia kwenye kanda za video, ami yangu akizileta kutoka Maskati. Koti la kijani la Little Joe nilililia mpaka mama akanishonea la kwangu kwa pazia. Nilikwenda nalo chuoni, maalim akacheka wallahi.

Mbeyela: Mkuu usitutambie. TVZ hiyo hiyo, televisheni yenu ya Zanzibar, tulikuwa tunainasa Dar, antena tumeifunga juu ya bomba refu inaangalia baharini, mmoja yuko juu ya bati anazungusha, wengine ndani wanapiga kelele "hapo hapo, rudisha kidogo, hapo!" Upepo ukivuma ni chenga tupu.

PwaniKwetu: Kunasa si kumiliki.

Mbeyela: Haya bwana, kisiwa chenu.

StelingiHafi: Mimi makauboi nimewaona Empire na Avalon pale Dar, sinema kubwa, stelingi akitoa bastola ukumbi mzima unasimama. Hizo TV zenu ndogo hamkuona kitu.

KijanaWaZamani: Ndugu, mada ni televisheni.

StelingiHafi: Stelingi ni stelingi.

DadaWaTexas: Nimesoma hii nikazima jiko kwanza. Mimi natunza wazee hapa Texas, nyumbani kwao. Kuna mzee mmoja nilipewa, jina namstahi, maisha yake yote alifuga ng'ombe, mapafu yamechoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni ya umeme. Siku ya kwanza hakutaka hata nimguse, amegeukia ukuta. Saa ya Bonanza ikafika, Hop Sing, yule mpishi wao Mchina, ameandaa meza hakuna aliyekuja kula, nikasema tu, sasa huyu atafunga virago arudi kwao. Mzee akageuka. Wewe umetoka wapi? Kenya. Kenya mnamjua Hop Sing? Nikamwambia baba yangu alikuwa anafunga duka mapema kwa sababu ya hao watu. Tangu hapo tukawa marafiki. Fahari yake ilikuwa moja, kwamba Hoss ni mtoto wa Texas, kwamba Dan Blocker aliyemwigiza amezaliwa De Kalb na kazikwa De Kalb, na kila siku lazima niambiwe upya.

Sasa ile baridi ya Februari 2021, nadhani mliona kwa habari. Umeme ukakatika usiku. Mashine ikalia alamu halafu kimya. Mitungi ya akiba ilikuwepo, nikamfungia mmoja, nikapiga simu ya dharura, kupokelewa tu ni shida, wakapokea wakasema barabara zote ni barafu, endelea kumtazama, tukipata gari tunakuja. Nesi wake akanielekeza kwa simu niweke hewa kiasi gani. Lakini shida ilikuwa hofu. Mtu wa mapafu hayo akiogopa anapumua juu juu na hata hewa ikiwepo haimfikii. Ananishika mkono anasema nazama. Nyumba inazidi kuwa baridi, natoa moshi mdomoni nikiwa ndani. Nikamfunika kila blanketi iliyokuwepo, nikakaa naye kitandani, na kwa vile TV haiwaki nikaanza kumsimulia Bonanza kwa mdomo. Nikaanza na ile Little Joe ameoa Alice halafu mke anauawa, akatikisa kichwa, si hiyo, nataka Hoss. Basi Hoss. Nilizokumbuka nilizisimulia, zilipoisha nikatunga zangu, Hoss amepotea msituni, Hoss amekuja mpaka Naivasha kununua farasi, na nikiona macho yanafumba namuuliza, farasi wa Hoss anaitwa nani? Chub. Wa Ben? Buck. Wa Joe? Cochise. Akijibu najua bado ninaye. Akichelewa namulika vidole na simu kuona kama vimekuwa vya bluu. Mara moja alichelewa sana, wa Ben anaitwa nani, kimya, wa Ben anaitwa nani baba, kimya, nikamtikisa nikapiga kelele ndipo akasema Buck, msichana, nimekusikia. Mtungi wa mwisho sindano ilikuwa imeingia kwenye nyekundu jirani alipofika na pikapu na jenereta, kumekucha. Alipona yule mzee. Aliishi mpaka mwaka uliofuata na kwenye mazishi watoto wake waliniketisha mstari wa familia.

Nyambura_K: Wueh. Mungu akubariki dada.

Mbeyela: Nimesoma mara mbili.

Fundi_Radi: Hadithi tamu lakini mtu wa oksijeni si wa kusimuliwa filamu, unamtia garini unampeleka hospitali.

DadaWaTexas: Umewahi kuendesha kwenye barafu usiku, taa zote za mji zimezimika?

Fundi_Radi: Nimeuliza tu.

Nyambura_K: Hujauliza, umehukumu.

Mama_Minnesota: Dada futa hiyo haraka, sisi wa kazi hizi kuongea habari za mgonjwa unaweza kupoteza cheti.

KijanaWaZamani: Hajataja jina wala mji. Mwacheni.

Fundi_Radi: Sawa, basi ushauri wa bure, kila anayelea mgonjwa wa mashine anunue jenereta ndogo aiweke hata jikoni.

Mama_Minnesota: JIKONI? Moshi wake una gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka na inaua nyumba nzima, baridi hiyo hiyo ya 2021 Texas watu walikufa hivyo. Inakaa nje, mbali na madirisha. Na muwaandikishe kwa kampuni ya umeme kwamba nyumba ina mgonjwa wa mashine, ingawa hilo halizuii umeme kukatika.

KijanaWaZamani: Dada, hiyo ya Alice mzee alikuwa na haki kuikataa. Ilitungwa Hoss ndiye aoe. Dan Blocker akafariki Mei 1972, Michael Landon, yule aliyemwigiza Joe, akaigeuza mwenye kuoa awe Joe. Ndio maana mimi naona kilio kile si cha kuigiza. Januari 1973 Bonanza ikaisha, miaka 14, vipindi 431.

Mbeyela: Mnamsahau Adam. Ndiye aliyekuwa na akili pale nyumbani, alipoondoka 1965 shamba likabaki na ngumi tu.

PwaniKwetu: Adam alikuwa anaringa.

Mwanaharakati254: Mimi naomba kuuliza, sisi tuliotawaliwa tulikuwa tunashangilia nini wenyeji wa Marekani wakipigwa risasi kwenye ardhi yao? Na huyo Hop Sing ni mpishi wa kuchekesha tu miaka yote 14. Inaniuma mpaka leo kwamba utotoni nilikuwa upande wa makauboi.

StelingiHafi: Siasa tena.

KijanaWaZamani: Si siasa, amesema kweli, na makauboi wengi wa zama zile walikuwa hivyo. Lakini Bonanza ilikuwa na vipindi vya kuwatetea hao wenyeji, na 1964 Lorne Greene aliyekuwa Ben, Dan Blocker na Michael Landon walikataa kwenda kwenye onyesho Jackson, Mississippi kwa sababu weusi walikuwa wanabaguliwa ukumbini. Hoss wangu huyo.

Mwanaharakati254: Hilo sikulijua. La Hop Sing nabaki nalo.

Nyambura_K: Kubaki nalo ni haki yako.

PwaniKwetu: Mwenye kujua anisaidie, nimeipata YouTube lakini mlio wa mwanzo si ule, wameweka muziki wa ajabu.

Fundi_Radi: Umedanganywa, hiyo si Bonanza.

DadaWaTexas: Ni yenyewe. Vipindi kadhaa vya mwanzo haki zake ziliisha kwa hiyo kila mtu anaviuza, ila ule wimbo bado una wenyewe, basi wanautoa wanaweka mwingine. Tafuta DVD rasmi za misimu, humo mlio upo.

PwaniKwetu: Ahsante dada. Kuna mtu yuko Maskati au Dubai aniangalizie bei?