Mwaka wa kwanza wanapika data ya pendulamu, nifanyeje?

Msimamizi wa Labu: Wadau, habari za jioni. Nasomea uzamili wa fizikia hapa Nairobi na idara imenikabidhi kundi la mwaka wa kwanza maabarani. Zoezi ni lile la pendulamu: gololi inaning'inia kwenye uzi, wanapima mabembeo kwa stopwochi, watafute thamani ya g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia (m/s²). Ripoti karibu zote zimerudi na 9.81, ile ya vitabu vya sekondari. Sisi tuko jirani na ikweta, tena mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na yote mawili hupunguza mvutano, kwa hivyo g ya hapa ni kama 9.775. Jedwali moja lilifuata fomula hadi desimali ya mwisho, wino safi, hakuna hata namba moja iliyokatwa. Sitaki kuwanyima alama tu. Nataka wajifunze kuamini walichokiona. Mliofundisha mnisaidie.

Mama Fizikia: Pole mwalimu, lakini usiwahukumu wote. Piga hesabu: uzi wa mita 1, mabembeo 50 (kwenda na kurudi ni bembeo moja). Kwa 9.81 utapata sekunde 100.3, kwa 9.775 utapata 100.5. Kidole kwenye stopwochi huchelewa karibu kiasi hicho hicho. Aliyepima kwa uaminifu anaweza kuangukia 9.81 au 9.74. Wapishi utawajua kwa data isiyoyumba.

Tena angalia pembe. Wengi huvuta gololi nyuzi 20 ndipo waiachilie, na hapo g wanayokokotoa hushuka kwa asilimia 1.5. Waambie wasizidi nyuzi 5. Urefu nao wapime hadi katikati ya gololi. Milimita 1 kwenye mita 1 inasogeza jibu kwa 0.01.

Kijana wa Eastlands: Mimi nasema ukweli kama mwanafunzi. Tunapika kwa sababu anayesahihisha hutoa alama kwa jibu lililo karibu na 9.81. Nikiandika 9.7 napoteza alama, sasa nifanye nini? Badilisheni usahihishaji kwanza.

Mzee wa Stendi: Kijana amegonga penyewe. Kwangu alama nyingi ziko kwenye karatasi ya vipimo ghafi: kalamu ya wino, hakuna kufuta, ukikosea unakata mstari mmoja, nami natia sahihi kabla hujatoka mlangoni. Kila kundi nalipatia urefu wake wa uzi, kwa hiyo jedwali la jirani halimfai mtu. Jibu bila kadirio la kosa, yaani ± ngapi, halipati kitu hata likiwa sahihi.

Msimamizi wa Labu: Asanteni sana. Hiyo hesabu ya Mama Fizikia imenifungua, nitaanza nayo ubaoni. Swali moja zaidi: tuna siku ya wazi, shule za sekondari zinatembelea idara. Naweza kuwaonyesha hii tofauti bila vifaa vya bei?

Mama Fizikia: Tumia ngazi za jengo. Ning'iniza uzi wa mita 9 wenye uzito mzuri chini, usukume kidogo tu. Bembeo moja ni sekunde 6 na ushei. Kwa mabembeo 50, 9.81 ingetoa sekunde 300.9 na g yetu 301.4. Nusu sekunde mtoto wa sekondari anaikamata. Urefu upimwe na watu wawili, uzi ukiwa tayari umebeba uzito, maana uzi huvutika. Na madirisha yafungwe, upepo wa ngazini unasumbua.

Mzee wa Stendi: Na wape watoto stopwochi wenyewe. Wewe shika kalamu.